Kutoka Kilwa hadi kwa Bibi Maryam

Kwetu Kilwa, Ibn Battuta hahitaji kutambulishwa. Mwanafunzi wa shule ya msingi atakwambia kwamba msafiri huyo wa Tangier alifika Kisiwani mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa ukarimu wake, na kwamba aliusifu mji wetu kwa uzuri. Habari zake kwetu huishia hapo, kana kwamba aling'oa nanga akapotelea baharini. Lakini safari iliendelea. Alipanda chombo hadi Dhofar, kusini mwa Omani ya leo, baadaye akaambaa na pwani hadi Sur, na kutoka Sur akaenda kwa miguu mpaka mji ulioitwa Qalhat. Huko alikuta msikiti wenye kuta za vigae vya kung'aa, uliojengwa ukiitazama bahari, na akaandika kwamba aliyeujenga ni mwanamke mchamungu, Bibi Maryam.

Mimi nimezaliwa Kilwa Masoko. Kutoka ufukweni kwetu unakiona kisiwa, na ukivuka kwa dau unaingia ndani ya Msikiti Mkuu, chini ya makuba yaliyojengwa zama za Sultani huyohuyo. Kwa miaka mingi nilitamani kuuona mji ambao Ibn Battuta aliufikia baada ya wetu. Nilipopata nafasi ya kwenda Omani kumtembelea shangazi yangu anayeishi Ibra, nilimweleza mapema kwamba nitamwomba ruhusa ya kwenda pwani.

Ibra ni mji wa bara, umezungukwa na mashamba ya mitende na vilima vikavu, lakini ukikaa barazani kwa shangazi jioni unaweza kusahau kwamba uko Arabuni. Majirani zake huingia na kutoka wakizungumza Kiswahili cha Unguja, wengine wakiwa wameondoka Afrika Mashariki tangu 1964, wengine wakiwa wamezaliwa hapohapo na kukirithi kwa mama zao. Asubuhi moja alinipeleka Al Manzafah, mtaa wa kale wenye majumba makubwa yaliyobomoka nusu, milango yake bado imesimama ikiwa na nakshi. Mali iliyojenga majumba yale ilitokana kwa sehemu kubwa na biashara ya Afrika Mashariki. Nilipomwambia kwamba nia yangu ni Qalhat, alishangaa.

"Kule kuna kaburi na mawe tu, mwanangu," alisema. "Watu wakienda upande ule huenda kuogelea Wadi Shab."

"Hilo kaburi ndilo ninalolitaka, shangazi."

"Basi nenda. Na ukifika umsomee Fatiha, yule ni mama wa watu."

Akatufungia halwa na chupa ya kahawa, akamtuma mwanawe anipeleke kwa gari. Tulipita Bidiya, mchanga mwekundu ukitufuata upande wa kulia, tukapita Al Kamil, tukateremka hadi Sur wakati jua linaelekea kuzama.

Sur inastahili makala yake peke yake. Huu ndio mji wa mafundi wa majahazi, na hadi leo kuna karakana ambapo mbavu za vyombo vya mbao husimama wazi kama za samaki aliyeliwa. Karibu na maji wameipandisha nchi kavu Fatah al-Khair, ghanja iliyoundwa hapohapo Sur mwaka 1951, ikauzwa nje, kisha watu wa Sur wakairudisha nyumbani kutoka Yemen mwaka 1993. Niliigusa ubavuni. Ukubwa wake unakufanya uelewe jinsi watu, tende, papa mkavu na boriti zilivyoweza kuvuka bahari kwa upepo mtupu.

Jirani na hapo tulimkuta mzee mmoja ameketi kwenye benchi na bakora yake. Ndugu yangu alimsalimu kwa Kiarabu, kisha akamwambia mimi ni mgeni kutoka Tanzania. Mzee aligeuka mara moja.

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Marahaba. Wa Unguja wewe?"

"Hapana, babu. Wa Kilwa."

"Kilwa!" Alicheka kwa furaha. "Kilwa Kivinje, Kilwa Masoko. Tukipakia boriti Rufiji, maji yakija juu, maji yakitoka. Mbu!"

Alikuwa baharia kijana miaka ya mwisho ya 1950. Walikuwa wakiondoka Sur na kaskazi, wakishusha tende Lamu, Mombasa na Unguja, wakishuka hadi delta ya Rufiji kutafuta boriti za mikoko, na kusubiri kusi kiwarudishe. Kiswahili chake kilikuwa cha baharini, kifupi, bila mapambo, lakini kila neno lilikaa mahali pake. Nilimuuliza kuhusu Qalhat. Akainua bakora akaelekeza kaskazini-magharibi. Alisema kwamba chombo kilipokuwa kikitoka Maskati kurudi nyumbani, mabaharia walikuwa wakitazama mlima unavyosogelea maji, kisha wanaliona jengo la Bibi Maryam juu ya uwanda wake, na hapo hata mvivu alisimama kusaidia tanga kwa sababu Sur imekaribia.

Ningependa wasomaji wanielewe hapa. Wazee wa aina hii wamebaki wachache sana. Wanayoyajua kuhusu bandari zetu, majina ya mikondo na miamba, bei za boriti, nyimbo za kuvutia nanga, hayako katika kitabu chochote nilichopata kukisoma. Yako vichwani mwao na wanazeeka.

Kutoka Sur hadi Qalhat ni mwendo wa kilomita zaidi ya 20 kwa barabara kuu inayokwenda Maskati. Kwa gari ni safari fupi mno, na ndiyo maana nilimwomba ndugu yangu aende polepole nikimsimulia yaliyompata Ibn Battuta kwenye njia hiyohiyo. Merikebu ilitia nanga Sur, naye akauona mji wa Qalhat kwa mbali kwenye mteremko wa mlima, akadhani u karibu. Alikuwa amechoka na watu wa chomboni. Akamchukua mwongozaji na kuondoka kwa miguu pamoja na mwenzake Mhindi aliyeitwa Khidr. Mwongozaji yule alikuwa na nia mbaya: alitaka kuwavusha kwenye mkono wa bahari ili wazame au wamwachie nguo zao. Ibn Battuta aligundua, na mkuki aliokuwa nao mkononi ndio uliomweka yule mtu mbali. Wakatangatanga kwenye makorongo bila maji, wakalala njiani bila kupata usingizi, na kesho yake akafika lango la mji miguu imevimba ndani ya viatu hadi damu ikikaribia kutoka chini ya kucha. Mlinzi wa lango akampeleka kwa amiri. Amiri akamkirimu, na akakaa siku 6 bila kuweza kusimama sawasawa.

Ukiyatazama makorongo yale kutoka barabarani, unaamini kila neno. Mlima umesimama wima, mweusi kwa jua, na kila baada ya mwendo kidogo umepasuliwa na wadi lililojaa mawe. Hakuna kivuli. Kati ya mlima na bahari kuna ukanda mwembamba wa ardhi, na kwenye ukanda huo, kabla hujafika Qalhat, utaona matangi meupe na mabomba ya kiwanda cha gesi. Shehena ya kwanza ya gesi iliyogeuzwa kuwa kimiminika ilisafirishwa kutoka hapa Aprili 2000, kwenda Korea Kusini. Miaka 700 kabla yake, kilichopakiwa kwenye ufuo huu kilikuwa farasi. Marco Polo, aliyeuita mji huu Calatu, alieleza kwamba wafanyabiashara walikuwa wakivusha farasi wazuri kutoka hapa hadi India na kupata faida kubwa. Falme za kusini mwa India zilihitaji farasi wa vita kila mwaka, kwa sababu hali ya hewa ya kule haikuwafaa na waliokufa walihitaji kujazwa na wengine.

Tuliacha gari, tukashuka. Ruhusa ya kuingia nilikuwa nimeiomba kabla, nami namshauri yeyote anayetaka kwenda afanye hivyo, kwa maana eneo zima limo katika hifadhi na kazi za utafiti na ukarabati hulifunga mara kwa mara.

Kitu cha kwanza kinachokushika ni kwamba jengo limebaki peke yake. Mji wa zamani ulikuwa umejaa ndani ya kuta zake, katika eneo la pembetatu kati ya mlima, wadi na bahari, ekari kwa ekari za nyumba, vichochoro na maduka. Yote yamelala chini sasa, marundo ya mawe ya mviringo yaliyookotwa wadini, rangi moja na mlima. Katikati ya kulala huko, kaburi la Bibi Maryam limesimama. Ni jengo la mraba, zito, lenye matao yaliyochongwa kwenye kila uso wake, na juu yake mabaki ya kuba ambalo sehemu yake imeporomoka. Nilipokaribia nikaliona jambo ambalo mtu wa Kilwa hawezi kulikosa. Mawe yake ni matumbawe.

Nilisimama hapo kwa muda mrefu. Nyumba za mji zilijengwa kwa mawe ya wadi na udongo au chokaa, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyokuwa karibu. Lakini kwa jengo hili fundi aliagiza jiwe la bahari, akalichonga likiwa laini, akalipanga kwa mistari iliyonyooka, akalipaka chokaa. Ndivyo walivyofanya mafundi wa Kisiwani kwenye mihrabu na nguzo zao. Simaanishi kwamba fundi alitoka Kilwa. Sura ya jengo hili inafuata zaidi mtindo wa Uajemi, na watawala wake walikuwa wa ufalme wa Hormuz. Ninachosema ni kwamba watu wa bahari hii walijua kitu kimoja, kwamba tumbawe likitolewa majini bichi hukatika kwa urahisi, na likikauka hushika nakshi kwa karne nyingi. Vidole vyangu vilitambua ukuta ule kabla akili haijafanya kazi.

Ndani kuna giza la kupendeza baada ya jua kali. Pembe nne zimejengwa kwa matao madogo yanayoubadilisha mraba kuwa duara ili kuba lipate pa kukaa, na juu ya matao hayo mapambo ya chokaa bado yanaonekana. Mbingu inaingia kupitia palipoporomoka. Chini ya sakafu kuna chumba cha kuzikia chenye dari ya tao. Mapokeo ya wenyeji yanaliita kaburi la Bibi Maryam, nayo historia inaeleza kwamba alilijenga kwa ajili ya mumewe, Baha al-Din Ayaz.

Ayaz hakuzaliwa katika ukoo wa kifalme. Alikuwa Mturuki aliyeanza maisha ya utumishi akiwa mtumwa, akapanda hadi kuwa liwali wa Qalhat kwa niaba ya Hormuz, kisha akawa mtawala wa Hormuz yenyewe. Ni yeye aliyefanya uamuzi uliobadilisha historia ya Ghuba: karibu na mwaka 1300, mji wa Hormuz uliokuwa bara ukisumbuliwa na mashambulizi kutoka upande wa Wamongolia, akawahamisha watu wake hadi kisiwa cha Jarun, na Hormuz ya kisiwani ikawa bandari iliyotajirika kuliko zote za eneo lile. Qalhat ilikuwa mji wa pili wa dola hiyo. Ayaz aliishia kurudi Qalhat, na alipokufa, mkewe aliendelea kuutawala mji kwa miaka kadhaa.

Sisi wa pwani tunao mfano wa jambo hili. Mombasa inamkumbuka Mwana Mkisi kuwa mwanamke aliyeutawala mji hapo mwanzo, na Unguja ilikuwa na Malkia Fatuma mwishoni mwa karne ya 17. Hata hivyo nguvu ya Bibi Maryam inaonekana kwa macho, kwa kuwa alijenga. Karibu na kaburi lipo birika la maji lenye dari ya tao, na katika nchi kavu namna hii birika ni sadaka kubwa kuliko dhahabu. Nilimsomea Fatiha, kama nilivyoagizwa, na ndugu yangu akaitikia Amina.

Kisha tukateremka upande wa bahari, tukipita kwa tahadhari kwenye njia iliyosafishwa, hadi palipokuwa na Msikiti Mkuu. Mahali hapa pamechimbuliwa na watafiti wa Kifaransa walioongozwa na Axelle Rougeulle, wakishirikiana na serikali ya Omani, kuanzia 2008. Walifunua msikiti uliosimama juu ya jukwaa refu kando kabisa ya maji, pamoja na nyumba, hamamu na karakana ya wafinyanzi katika sehemu nyingine za mji. Kilichobaki cha msikiti ni misingi, vitako vya nguzo na ngazi. Wachimbaji walikuta vipande vya vigae vya Kashani, vile vinavyong'aa kama vimepakwa dhahabu, vikiwa vimevunjika kifusini. Kwa hiyo Ibn Battuta alisema kweli. Msikiti wa vigae ulikuwepo, ulitazama bahari, na nahodha aliyekuwa akiingia kutoka India lazima aliuona ukimeta asubuhi.

Naye hakuishia kwenye msikiti. Alieleza masoko ya mji kuwa mazuri, akawasifu samaki wake waliochomwa juu ya majani ya mti, walioliwa na wali kwa mchele uliotoka India, na akasema kwamba watu wa hapa ni wafanyabiashara wanaoishi kwa yale yanayoletwa na bahari, hata merikebu ikifika hufurahi furaha kubwa. Alitaja pia kijiji cha jirani chenye mito inayotiririka na bustani, ambako matunda yaliletwa Qalhat, na ndizi zikiwa miongoni mwao. Hicho ni Tiwi, na ndizi bado zinastawi kule; tulizinunua tulipopita baadaye, fupi na tamu.

Pale msikitini ardhi imetapakaa vigae vya vyungu. Vingine ni vyekundu vya kawaida, vya kupikia. Vingine ni vya Uajemi, vyenye rangi ya bluu ya samawati. Na hapa na pale kuna kipande cha kijani kilichopauka, laini, kizito, ambacho huhitaji kuambiwa kimetoka wapi ikiwa umekulia Kilwa. Ni bakuli za Kichina za Longquan. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukiviona vipande kama hivyo ufukweni Kisiwani baada ya mvua. Mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler, alipopita pwani yetu mwaka 1955, alishangazwa na wingi wake, akaona kwamba historia ya pwani hii imeandikwa kwa kaure za Uchina. Qalhat imeandikwa kwa wino huohuo.

Tena tulizipenda kaure hizo kwa namna yetu. Kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, na kule Mambrui kaskazini mwa Malindi, mafundi walizipachika bakuli na sahani za Kichina kwenye chokaa ili zimpambe marehemu. Kitu kilichofinyangwa na watu wa dini nyingine, upande mwingine wa dunia, kilipata heshima ya kuwekwa kwenye kaburi la Mwislamu wa Kiswahili, na hakuna aliyeona ajabu. Bibi Maryam na watu wake walichagua vigae vya Uajemi kwa kuta zao, na bakuli za Kichina wakazitumia mezani. Hiyo ni tofauti ya ladha. Mzigo uliotoka mashariki uliwafikia wote.

Karne moja baada ya Bibi Maryam, Wachina wenyewe walikuja na majeshi yao ya majini chini ya Zheng He. Walifika Hormuz, na mabalozi wa Malindi walimpeleka twiga kwa mfalme wa Uchina mwaka 1415. Ramani ya safari hizo, iliyohifadhiwa katika kitabu cha Kichina cha karne ya 17, inaonyesha Qalhat, Malindi na Mombasa. Na mwaka 2013 sarafu ya shaba ya mfalme Yongle, aliyezituma safari hizo, iliokotwa kwenye kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Zheng He alikuja na merikebu kubwa kuliko zote za zama zile, zenye askari maelfu kwa maelfu. Miji ya Waswahili haikuchomwa na mtu wake yeyote.

Waliokuja baadaye, Wareno, ndio waliochoma. Natakiwa kuziweka tarehe hizi pamoja kwa sababu vitabu vyetu vya shule huzitenganisha. Julai 1505, Francisco de Almeida aliiteka Kilwa. Agosti mwaka huohuo aliichoma Mombasa. Mwaka 1507 Barawa ikatekwa na kuteketezwa, naye Afonso de Albuquerque alikuwemo. Agosti 1507 Albuquerque huyo akafika Qalhat. Safari ile wakuu wa mji walimpa vyakula, na akaondoka kwa amani kwenda kuichoma Quriyat na Maskati. Agosti 1508 alirudi, na mara hiyo Qalhat ikaporwa na kuchomwa pamoja na meli zilizokuwa bandarini, na Msikiti Mkuu wa vigae ukateketezwa. Mji ulikuwa tayari umedhoofika; inasimuliwa kwamba tetemeko la ardhi liliupiga mwishoni mwa karne ya 15. Baada ya moto ule haukuinuka tena. Biashara ikahamia Maskati.

Nikiwa nimesimama kwenye misingi ile, nikitazama maji matulivu ya bluu, nilipata hasira ambayo sijawahi kuipata nikisoma. Kilwa 1505, Qalhat 1508: ni miaka 3, ni watu walewale, ni mizinga ileile. Kuanzia hapo hadi watu wa Omani walipowaondoa Wareno Maskati mwaka 1650, na Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1698, ni karibu karne mbili. Tumezoea kuisoma historia hii tukiwaona watu wa Omani kuwa watawala waliokuja kwetu baadaye, na hilo lina ukweli wake mchungu, biashara ya utumwa ikiwemo. Kilwa Kivinje ilikuwa lango lake, wala sitaki mtu yeyote aifiche. Lakini kabla ya hapo walikuwepo majirani waliofanya biashara, wakaabudu kuelekea kibla kimoja, na wakaunguzwa na moto mmoja. Hayo nayo ni ya kusomeshwa.

Nje ya kuta kuna makaburi, mistari kwa mistari, yakienda hadi miguuni mwa mlima. Hayana maandishi. Ng'ambo ya wadi kipo kijiji cha Qalhat cha leo, na mashua za wavuvi zimepandishwa mchangani. Kijana mmoja mvuvi alituuzia jodari akamkata papo hapo, na jioni tulimla Sur, kwa wali, na pilipili aliyotupa mwenye nyumba ambaye mama yake ni wa Pemba.

UNESCO iliuandika Mji wa Kale wa Qalhat katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa mwaka 1981, yakaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kwa maoni yangu miji hii inapaswa kufundishwa pamoja na kutunzwa kwa kushauriana. Fundi wa Kilwa anayejua kuchoma chokaa ya matumbawe ana la kumwambia fundi wa Qalhat, na mtafiti wa Qalhat anayezijua bakuli za Longquan kwa tabaka na mwaka ana la kumfundisha mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vijana wa Ibra na Sur wanaozungumza Kiswahili, nao ni wengi, wangekuwa wakalimani wa kazi hiyo bila shida. Na waanze na wazee wa majahazi, kinasa sauti mkononi, kabla ya kitu kingine chochote.

Kwako msomaji, ikiwa una ndugu Maskati, Ibra au Sur na umejaaliwa kwenda kuwaona, tenga siku moja kwa ajili ya Qalhat. Omba ruhusa mapema, nenda asubuhi kabla jua halijapanda, chukua maji ya kutosha, vaa viatu vigumu. Na ukiviona vile vipande vya kijani chini, usitie hata kimoja mfukoni. Kikitoka mahali kilipolala, wachimbaji hawawezi tena kusoma kilifika lini na kwa chombo gani, na hilo ndilo tunalohitaji kujua, wao na sisi.